Kusitisha mapigano siyo suluhu, na suluhu siyo amani: wakuu, tuelewane hapa

#1 Msahihishaji

Wakuu, heshima kwenu.

Kazi yangu ni kusoma maandishi ya watu kabla hayajaingia mtamboni. Kitabu cha dini, kalenda ya kikoba, jarida la chama cha ushirika, chochote kinacholetwa Kariakoo kuchapwa, mimi ndiye ninayetafuta makosa. Kuna kosa moja ambalo si la herufi, na kila nikilizungushia kalamu nyekundu mwenye kazi ananibishia.

Kichwa cha habari kinasema "Amani yarejea". Unashuka aya ya pili: "pande mbili zimekubaliana kusitisha mapigano kwa saa 72". Aya ya nne: "suluhu hiyo imepokewa kwa shangwe". Ukimuuliza mwandishi, anakwambia alikuwa anakwepa kurudia neno lilelile. Kwa maana hiyo, kwake amani, suluhu na kusitisha mapigano ni neno moja lenye nguo tatu.

Mimi nakataa. Tuanze na kitenzi chenyewe. Kusitisha kumetoka kwenye kusita. Anayesita hajaacha. Yuko katikati ya jambo, anaweza kuendelea, anaweza kugeuka. Ukisitisha, umekifanya kitu kisite, basi. Gari limesimama kwenye foleni ya Ubungo, injini inanguruma, konda bado anaita abiria: huwezi kusema limefika.

Halafu angalia kinachositishwa. Ni mapigano, siyo vita. Mapigano ni kitendo: risasi, mizinga, ndege. Vita ni hali. Watu wanaweza kuacha kupigana na bado wakawa vitani. Korea ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote. Tarehe 27 Julai 1953, pale Panmunjom, walitia saini makubaliano ya kusitisha mapigano. Mkataba wa amani haujatiwa saini hadi leo. Kisheria vita ile haijaisha, na waliozaliwa mwaka ule wa 1953 sasa ni vikongwe.

Kuna na kosa la pili, linalonikera zaidi. Tarehe 8 Februari 2025 hapa hapa Dar wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC walikutana kwa pamoja kuhusu mashariki ya Kongo. Walitaka mapigano yasitishwe mara moja na bila masharti, wakaagiza wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano. Walitaka. Waliagiza. Sasa mtu anaandika "Dar yasitisha vita Kongo"! Wiki moja tu baadaye waasi wa M23 walikuwa wanaingia Bukavu. Aliyesoma kichwa kile cha habari akiwa na ndugu yake Bukavu, alidanganywa na nani? Na kitenzi.

Naomba michango. Matusi na siasa za vyama wekeni pembeni.

#2 Kaka wa Keko

Nimekaa mbele kabisa. Ila mkuu, kwa mwananchi wa kawaida, risasi zikinyamaza si ndiyo amani yenyewe? Yule mama aliyejificha chini ya kitanda haulizi kama ni suluhu au ni kusita. Anauliza kama anaweza kwenda kuchota maji.

#3 Wakili wa Kijiweni

Msahihishaji, hoja yako ya kusita ni nzuri lakini umeisahau Dar ya leo. Fungua barua yoyote ya ofisini: "Tunasikitika kukujulisha kuwa mkataba wako umesitishwa." Aliyepokea barua hiyo hasubiri kuitwa tena. Anarudisha kitambulisho, anadai stahiki zake, anapita Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kufungua shauri. Kwa hiyo katika masikio ya watu wa mjini, kusitisha ni kumaliza.

Kinachositasita ofisini ni kusimamishwa. Ukisimamishwa kazi, unasubiri uchunguzi, jina lako bado limo. Ukisitishiwa, jina limefutwa. Sasa huyo huyo mtu jioni anafungua redio na kusikia "mapigano yamesitishwa". Unategemea asikie nini? Anasikia yamekwisha. Lawama usiipeleke yote kwa mwandishi wa habari, maofisa utumishi nao wamo.

#4 Msahihishaji

Wakili, hapo umenipa kitu. Maana wenye kutafsiri zamani wangechagua "kusimamisha mapigano", na wapo wanaoandika hivyo mpaka leo. Lakini redio zimeshalizoea "kusitisha" na huwezi kulirudisha. Ila angalau mgomo bado unaheshimu maana ya kale. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, Waziri Mkuu akaja, wakakaa naye Mnazi Mmoja, kikosi kazi cha kodi kikasimamishwa, maduka yakafunguliwa. Magazeti yakaandika mgomo umesitishwa. Na kweli ulikuwa umesita tu, maana Juni 2024 makufuli yakarudi milangoni. Hapo neno lilisema kweli kuliko waliolitumia.

Kaka wa Keko, mama wa chini ya kitanda ana haki ya kwenda kuchota maji. Lakini ana haki pia ya kujua kama arudi nyumbani kabla ya jua kuzama.

#5 Bi Nuru wa Ilala

Assalaam alaykum wanangu. Mimi nitawachokoza kidogo, maana naona suluhu mnaiweka juu kama kitu kisichoisha muda.

Waarabu wana maneno mawili. Hudna ni utulivu wa kupatana kwa muda. Sulhi ni kupatana, na huku kwetu ikawa suluhu. Sawa. Lakini makubaliano mashuhuri kuliko yote katika historia ya Uislamu, yale ya mwaka wa 6 Hijria baina ya Mtume (s.a.w.) na Makureshi, tunayaita Sulhu ya Hudaybiya. Na yalikuwa na muda! Miaka kumi watu wasipigane. Kwa kipimo cha Msahihishaji, hiyo ilikuwa ni kusitisha mapigano, lakini ulimwengu mzima wa Kiislamu unaiita sulhu. Je, ulimwengu mzima umekosea?

Mimi naona haujakosea, na sababu ni hii. Pale Hudaybiya hawakusema "tuache kupigana" wakaondoka. Walilishika jambo lenyewe lililowagombanisha. Ilikuwa ni nani aingie Makka na lini: mwaka ule Waislamu warudi Madina, mwaka unaofuata waje kwa umra, wakae siku tatu. Ilikuwa ni nani arudishwe: atakayekimbia kutoka Makka bila idhini ya walii wake, yaani mlezi wake, arudishwe, atakayetoka Madina kwenda Makka asirudishwe. Baadhi ya masahaba liliwauma sharti hilo. Ilikuwa ni nani wa upande gani: kabila likitaka kuungana na Mtume liungane, likitaka Makureshi liende. Khuza'a wakaja huku, Banu Bakr wakaenda kule. Na sulhu ilipovunjika, ilivunjikia hapo hapo, pale Banu Bakr walipowavamia Khuza'a kwa msaada wa Makureshi. Kila mtu alijua ni sharti lipi limevunjwa na ni nani kalivunja.

Kwa hiyo urefu wa muda msiufanye kipimo. Wakorea wako kwenye kusita tangu 1953 na bado ni kusita, kwa kuwa ugomvi wenyewe haukuguswa. Hudaybiya haikumaliza hata miaka miwili na ilikuwa suluhu, kwa kuwa uliguswa.

#6 Msahihishaji

Shikamoo Bi Nuru. Hii naiandika ubaoni kwangu: ugomvi umeguswa au haujaguswa.

#7 Mwana wa Chumbageni

Mimi ni wa Tanga, naishi Mbagala kwa sababu ya kazi. Mnataja Korea na Makka wakati Dar es Salaam na Tanga zina kisa chao.

Agosti 1914 vita ya Wazungu inaanza, manowari ya Kiingereza Astraea inakuja Dar tarehe 8 na kupiga mizinga kuulenga mnara wa simu ya upepo. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, hakutaka miji ya pwani ibomolewe. Yakafanyika mapatano na wanamaji wa Kiingereza: Dar na Tanga zisitumike kwa vita, na wao wasizipige. Kamanda wa jeshi la Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliyachukia mapatano yale. Na wakubwa wa London nao hawakuyaidhinisha. Kwa hiyo kukawa na karatasi ambayo huku kamanda haitaki na kule serikali haiitambui, na miji miwili imeketi juu yake.

Sasa utamu wenyewe. Novemba 1914 Waingereza wanaleta majeshi kutoka India kuichukua Tanga. Watu kama 8,000 melini, na upande wa pili Wajerumani na askari wao wa Kiafrika wote pamoja hawakuzidi sana 1,000. Kabla ya kushuka, tarehe 2, nahodha wa manowari Fox anatangulia bandarini kusema rasmi kwamba yale mapatano yamefutika, mji ujisalimishe. Mjerumani mwenye wilaya, bwana Auracher, akajibu kwa adabu zote kwamba anaomba muda akashauriane na wakubwa. Akaenda zake. Simu ikapigwa, treni zikaanza kuteremka na askari kutoka upande wa Moshi. Waingereza waliposhambulia kwa nguvu tarehe 4, mji ulishajaa askari. Na nyuki nao wakatoka mizingani wakauma watu, ndiyo maana wengine huiita Vita ya Nyuki. Waingereza walirudi melini na kuacha bunduki na risasi nyingi ufukweni.

Wengi hucheka ujinga wa yule nahodha. Mimi huwa namtetea kidogo. Kama mmewekeana ahadi ya kutopigana, kuivunja kwa kimya ni hiana. Alitoa notisi. Tatizo ni kwamba notisi ile ilitolewa kwa mapatano ambayo bwana wake mwenyewe alishasema hayatambui. Unatoaje notisi ya kuvunja kitu ambacho unasema hakipo?

#8 Kijana wa Makumbusho

Huu uzi una madini. Niulize swali la kijinga: suluhu ya mpira je? Maana nikisikia timu "zimetoka suluhu" najua ni 0-0, zikifungana 1-1 wanasema sare.

#9 Kaka wa Keko

Hapo ndipo nilipokuwa nangoja! Suluhu ya mpira haina uhusiano na ugomvi ulioguswa, Bi Nuru. Watu wamepigana dakika 90, hakuna aliyemuumiza mwenzake, kila mmoja kaondoka na pointi moja na hasira zake. Watani wa jadi wakitoka suluhu Jumamosi, nenda Kariakoo Jumatatu uone kama kuna aliyesuluhishwa.

#10 Bi Nuru wa Ilala

Hiyo ya mpira ni lugha ya watangazaji, mwanangu, waachie wenyewe. Na jina la suluhu sasa limebebwa na mkubwa wa nchi, tulitumie kwa adabu.

#11 Luteni Mstaafu

Nimesoma yote kimya. Niongeze upande wa magwanda, maana raia huwa mnadhani kusitisha mapigano ni watu kukubali kuwa wapole.

Kwanza ni saa. Makubaliano yasiyo na saa ni porojo. Vita Kuu ya Kwanza huko Ulaya, karatasi ilitiwa saini ndani ya behewa la treni msituni Compiègne, Ufaransa, tarehe 11 Novemba 1918 alfajiri, kama saa 11 hivi kwa saa zetu. Ikaanza kufanya kazi saa 5 asubuhi. Katikati hapo watu waliendelea kuuana kihalali kabisa, saini ikiwa imeshakauka. Na angalieni ugumu wa Kiswahili: Wazungu husema saa kumi na moja wakimaanisha saa yetu ya tano, na saini ilipotiwa kwao ilikuwa saa tano, yetu ya kumi na moja. Mtafsiri akikurupuka anazigeuza moja kuwa nyingine. Msahihishaji, hiyo kalamu yako nyekundu iwe na wino.

Pili ni habari kumfikia mtu. Huku kwetu Lettow-Vorbeck hakuwa na behewa wala simu. Saa ile ya Compiègne ilipopita, yeye alikuwa anasonga mbele huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na tarehe 13 watu wake waliingia Kasama. Siku mbili baada ya vita "kusitishwa"! Habari ilimfikia kupitia ujumbe wa Waingereza, akasimama, na tarehe 25 Novemba akakabidhi silaha Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala. Hata yule Askari wa shaba mnayempita kila siku katikati ya mji pale Samora, akiwa ameelekeza bunduki, aliwekwa mwaka 1927 kwa ajili ya vita hiyo. Hakuna kitu mwilini mwake kinachoonyesha kuwa ameambiwa asite.

Tatu, na hili raia hulisahau, ni mstari. Ukisitisha mapigano, unamgandisha kila mtu alipo. Aliyeko mbele anabaki mbele. Kwa hiyo anayeshinda siku hiyo hupenda kusitisha pale aliposhafika anapopataka, na anayeshindwa hupenda kusitisha ili apumue, aongeze risasi. Kila mmoja ana sababu yake na hakuna hata moja yenye huruma ndani. Ndiyo maana makubaliano ya maana hukataza kusogeza vikosi na kuingiza silaha mpya, na huweka waangalizi wa kwenda kuona kwa macho. Bila waangalizi kila upande utasema mwenzake ndiye aliyeanza, na wewe wa redioni utasoma taarifa zote mbili.

Ukitaka kuona uzito wa mstari, kumbuka Kagera. Idi Amin wa Uganda alivamia Oktoba 1978 na kutangaza kuwa ardhi yote kaskazini ya mto ni yake. Walipokuja wapatanishi wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakitaka mapigano yasitishwe, Mwalimu Nyerere alitaka kwanza uvamizi ulaaniwe, Amin aachane na madai ya ardhi yetu, na fidia ilipwe. Wapo waliomwona mgumu. Lakini kusitisha tu, bila hayo, kungekuwa kumweka mvamizi na mvamiwa kwenye kundi moja la "pande zinazopigana". Neno hili halina hakimu ndani yake. Halisemi nani kaanza.

#12 Wakili wa Kijiweni

"Neno hili halina hakimu ndani yake." Luteni, nikiiiba hiyo mahakamani usinishtaki.

#13 Mzalia wa Kigoma

Sisi wa Kigoma tumeyaishi haya maneno, kwa hiyo nitasema kidogo kuhusu Burundi, ambako mpangilio mnaoujua uligeuzwa juu chini.

Watu hudhani ngazi ni hii: kwanza mnasita, halafu mnazungumza, halafu amani. Arusha, tarehe 28 Agosti 2000, ulitiwa saini mkataba wa amani na maridhiano wa Burundi. Mwalimu aliuanza usuluhishi, akafariki Oktoba 1999, Mandela akaumalizia. Mkataba mnene, umegusa ugomvi wenyewe kama anavyosema Bi Nuru: jeshi liwe na nani, madaraka yagawanywe vipi, wakimbizi na ardhi zao. Kitu kimoja tu kilikosekana: kusitisha mapigano! Makundi makubwa mawili yenye bunduki, CNDD-FDD na FNL, hayakuwa sehemu ya saini zile. Kwa hiyo Burundi ilikuwa na mkataba wa amani na mapigano kwa wakati mmoja, na huku kwetu watu waliendelea kuvuka.

CNDD-FDD walikubali kusitisha Desemba 2002, Arusha pia. FNL ikabaki msituni hadi tarehe 7 Septemba 2006, na safari hii saini ilitiwa hapa hapa Dar es Salaam. Wengi wa humu hawajui kwamba mji wao una makubaliano ya kusitisha mapigano yenye jina lake. Na hata hayo: 2007 FNL wakajitoa kwenye kamati ya kuyasimamia, Aprili 2008 makombora yakaanguka Bujumbura, na ni 2009 ndipo walipoweka silaha chini wakawa chama cha siasa.

Nikiwa kijana niliona kambini watu wazima wakisikiliza redio. Tangazo la "kusitisha" halikumfanya mtu afunge mzigo. Waliuliza maswali ya Luteni bila kumjua Luteni: nani kasaini, yule wa karibu na kijiji chetu kasaini, na nani atakwenda kuangalia. Waliokuwa hawalijui neno vizuri ni wale waliokuwa mbali na bunduki.

#14 Msahihishaji

Mzalia, ahsante. Hii inamaliza hata ule ubishi wa ngazi niliokuwa nao kichwani.

Niongeze moja kuonyesha kuwa wakubwa wenyewe wanajua tofauti na wanaigombania neno kwa neno. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa na Gaza: Novemba 2023, azimio namba 2712, lilitaka mapigano yasimame kwa vipindi ili misaada ipite. Hawakuthubutu kuandika kusitisha mapigano. Ilibidi wafike Machi 2024, azimio namba 2728, ndipo wakaandika kusitisha mapigano mara moja kwa mwezi wa Ramadhani. Miezi minne ya mabishano, na sehemu kubwa ya mabishano ilikuwa juu ya hilo. Mwandishi wa Kiswahili akiandika "kusitisha mapigano" katika habari zote mbili, kawapatanisha mabalozi ambao wao wenyewe walikuwa hawajapatana.

Nami nikiletewa kazi kama hiyo huandika "kusimama kwa muda ili misaada ipite". Ni refu, linaharibu safu ya gazeti, lakini ni la kweli. Na kuhusu usitishaji na usitishwaji: yote ni Kiswahili. Usitishaji ni kazi ya anayesitisha, usitishwaji unaelekea upande wa kinachositishwa. Msinitumie ujumbe faragha kwa hilo.

#15 Kaka wa Keko

Mmenishinda kwa vitabu, sasa nirudi uswahilini. Sisi tuna neno letu ambalo hamjalitaja: "Yaishe." Wapangaji wawili wamegombana bombani, matusi ya nguoni, mjumbe kaitwa. Mmoja anachoka, anasema, "Basi, yaishe." Hiyo ni nini? Kusitisha, suluhu, au kusalimu amri?

#16 Bi Nuru wa Ilala

Inategemea nani kaisema na kwa sauti gani! Mwenye makosa akisema yaishe, anaomba msamaha bila kuutaja. Mwenye haki akisema yaishe, kachoka, na neno lake lina deni ndani. Kitenzi kinasema mwisho lakini jambo lenyewe halijashikwa. Bomba ni lile lile moja, foleni ya ndoo ni ile ile. Wiki ijayo watarudi palepale.

Ukitaka suluhu ya bombani, uulize nani anateka kwanza asubuhi, na nani analipa bili. Kwetu Zanzibar CCM na CUF walipeana mikono na Mwafaka mwaka 1999, ukafuata wa pili Oktoba 2001 baada ya damu ya Januari. Mikono ilikuwepo mara zote mbili. Kilicholigusa bomba ni Maridhiano ya 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, pale katiba ilipobadilishwa washindani wakae serikali moja. Nayo ina matatizo yake, siyatetei yote. Lakini ilikuwa imeandika nani anateka lini.

#17 Kaka wa Keko

Bi Nuru, uje Keko uwe mjumbe wetu.

#18 Mpangaji wa Sinza

Jamani samahani naingiza shida yangu, naona wanasheria wapo. Mwenye nyumba alinipa notisi ya kuhama kwa sababu ya ubishi wa kodi. Nikaenda kwake na mzee mmoja wa mtaa, tukazungumza, mwisho akasema "basi nimesitisha kukutoa". Nilishukuru nikaondoka. Baada ya kusoma uzi huu nimeanza kutokwa jasho. Niko salama au sipo?

#19 Wakili wa Kijiweni

Kwa maneno hayo matupu, umesimamishiwa tu. Hakusema mpaka lini. Hakusema kodi itakuwa shilingi ngapi, na kodi ndiyo ugomvi wenyewe. Notisi ya kwanza hakuifuta, kwa hiyo kesho anaweza kukwambia siku zilikuwa zinahesabika muda wote huo.

Rudi kwake na yule yule mzee, msiende kwa shari. Mwombe aandike karatasi moja: notisi ya tarehe fulani imefutwa, kodi ni kiasi fulani kwa mwezi, inalipwa kila baada ya miezi mingapi, mkataba unaishia tarehe ngapi. Atie saini, utie saini, mzee awe shahidi. Mwambie aandike "imefutwa". Akisisitiza kuandika "imesitishwa", nipigie picha hiyo karatasi kabla hujasaini.

#20 Mpangaji wa Sinza

Nakwenda leo jioni akitoka kazini. Mzee kasema atakuja, ila kwanza anataka kumaliza kahawa.